Chini ya Meza

Mlima wetu hapa Blaenau ulichimbwa mpaka matumbo.
Ukageuzwa mapaa, ukageuzwa mawe ya makaburi,
ukageuzwa vibao vya kuandikia vya watoto wa shule.
Babu yangu aliyapasua mawe hayo kwa patasi miaka arobaini.
Binti yangu Heledd hakuweza kukaa mbele ya ubao
hata nusu saa.

Taa za darasani zilikuwa zinavuma, kumbe.
Sisi tuliona mwanga; yeye alisikia nyuki.
Kufikia miaka minane alikuwa ameacha kula,
ameacha na yale maneno kumi na mawili aliyokuwa nayo,
viganja vimegandamana na masikio
kama vifuniko vya mitungi.

Samaki mkunje angali mbichi, waliniambia,
kila mmoja kwa namna yake, na kwa upole.
Nilimkunja wangu.
Nilisikia mfupa.

Basi nikaandika barua ya mistari mitatu kwa mwalimu mkuu,
na nyingine, fupi zaidi, kwa mwenye duka la dawa nilikoajiriwa.
Idwal alizisoma zote mbili akiwa amesimama,
akatia chai maziwa mara mbili.

Mwezi wa kwanza nilifungua shule jikoni.
Saa tatu hesabu. Saa nne kusoma.
Nilinunua hata kengele ya shaba, Mungu anisamehe.
Heledd aliingia chini ya meza
akawa ananitazama kupitia miguu ya viti
kama mfungwa anavyomtazama askari jela.

Siku ya kumi na tisa nilichoka kuinama.
Nikapiga magoti, nikaingia.

Huko chini kuna nchi.
Sakafu ina ubaridi mtamu. Mwanga unafika umechujwa.
Na mashine ya kufulia iko mbele yako, nzima,
na dirisha lake la duara.
Heledd alinishika kidole akakigongesha kwenye kigae:
kumi na mbili. Akaacha. Kumi na mbili tena.
Ilinichukua juma zima, mimi niliyesoma chuo,
kung'amua kwamba pipa huzunguka kumi na mbili kulia,
huvuta pumzi,
huzunguka kumi na mbili kushoto.

Jedwali la kumi na mbili tulilimaliza kwa nguo chafu.

Sisemi ni raha. Zipo siku ananing'ata,
siku ninayolia bafuni nimefungulia maji ili asisikie,
naye husikia. Foleni ya mtaalamu wa usemi
ni miezi kumi na minne, na mshahara ni mmoja.
Usiku huuliza dari: je, nimemwokoa au nimemficha?
Dari ni la mawe ya babu. Halisemi.

Mwezi wa tano halmashauri ilimtuma Bi Meinir Pugh na fomu.
Akaomba ratiba. Nikamwonyesha kapu la nguo.
Hakucheka.
"Na mwanafunzi?"
"Yuko darasani," nikasema, nikaelekeza kidole chini.

Kalamu yake ilianguka, au aliiangusha, sijui.
Ikarudishwa kwa ncha ya kidole cha mguu.
Kisha kile kibao cha Heledd, cha plastiki, chenye picha themanini,
kikasukumwa nje, na kidole kikagonga picha mbili:
VIATU. VUA.

Bi Pugh alifikiri. Akavua.
Goti lake bovu halikumruhusu kutambaa,
akajilaza ubavu, na koti lake la kazini,
kichwa tu kikiwa chini ya meza.
"Tunangoja nini?" akanong'ona.
Hakujibiwa. Pipa likazunguka, likazunguka,
likasimama.
"Ooh," alisema Bi Pugh.
Heledd akagonga kigae mara moja,
jinsi mwalimu anavyotia vema.

Fomu ilirudi kwa posta. Penye "mahali pa kujifunzia"
ameandika neno moja: sakafuni.
Mwakani watamtuma mwingine, pengine mwenye haraka.
Nimeshapiga deki.